Daftari la fadhila: uchambuzi wa kisa cha posa iliyokuja baada ya miaka kumi

Maelezo ya awali

Kisa hiki kimetokana na kazi yangu ya ushauri nasaha na msaada wa kisheria katika Manispaa ya Kigoma. Mhusika ameridhia kiandikwe kwa ajili ya kuwafundishia wasaidizi wa kisheria na washauri wanaoanza kazi, kwa sharti kwamba majina, mtaa, chuo na baadhi ya mambo ya kifamilia yaondolewe au yabadilishwe. Nitamwita Mwajuma, na mwanamume nitamwita Bwana S. Hesabu za fedha sikuzigusa, isipokuwa kuziweka kwenye elfu kumi zilizo karibu, kwa kuwa kisa chenyewe kimesimama juu ya hesabu hizo.

Usuli

Mwajuma ni mzaliwa wa Ujiji, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha tatu, na mama akaendelea kuitunza familia kwa kuuza mawese katika soko la Mwanga. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2010 na kupata matokeo yaliyomruhusu kusomea astashahada ya uhasibu, lakini ada haikuwepo.

Mwaka 2011 alikuwa na umri wa miaka 19. Bwana S alikuwa na miaka 38, mfanyabiashara wa dagaa mwenye ghala katika mwalo wa Kibirizi, na mtaani alijulikana kama mtu wa watu: alichangia misiba, alikopesha bila riba, na alikuwa miongoni mwa waliosimamia mazishi ya baba yake Mwajuma. Mke wake na watoto waliishi Kasulu. Kwa Mwajuma alisema kwamba yeye na mkewe walikwisha kuachana na kilichobaki ni karatasi tu.

Kuna jambo la biashara ya dagaa ambalo msomaji wa mbali na ziwa hana budi kulifahamu. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo uvuvi hushamiri wakati wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazina kazi na wavuvi hupumzika. Fedha ya mwenye mitumbwi hufuata mwezi, na mara nyingi hasira zake pia. Mwajuma aliniambia kwamba kwa miaka mitatu alijifunza kueleza kila kitu kwa mwezi: akinyamaziwa wiki mbili alijiambia ni giza na mzee yuko kazini, akigombezwa alijiambia ni mbalamwezi na ghala halina kitu. Ilimchukua muda mrefu kugundua kwamba kalenda hiyo ilikuwa na jibu kwa kila swali, na kwamba aliyempa ni yeye yule aliyekuwa akiulizwa.

Mfululizo wa matukio, 2011 hadi 2014

Bwana S alijitolea kulipa ada. Alilileta suala hilo mbele ya mama na baba mkubwa, kwa heshima zote, akisema kwamba marehemu alikuwa rafiki yake na kwamba mtoto yatima hapaswi kukaa nyumbani kwa kukosa fedha. Kuanzia Septemba 2011 alimpangia pia chumba karibu na chuo. Uhusiano wa kimapenzi ulianza baada ya miezi michache, kwa ridhaa yake, na Mwajuma ni mkali sana mtu anapojaribu kumwondolea ridhaa hiyo katika masimulizi. Alimpenda.

Mbele za watu alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, mwanangu. Wakiwa peke yao alimkataza kabisa salamu hiyo, akisema inamzeesha. Siku moja Mwajuma alijisahau akamwamkia habari za asubuhi mbele ya wachuuzi ghalani. Hakusemeshwa kwa siku kumi na moja, na ukimya ulipoisha aliletewa vitenge viwili. Hakuambiwa kosa lake lilikuwa nini. Alilijua mwenyewe, na kujua huko ndiko kulikotakiwa.

Kazi ilianza kama msaada. Kwa kuwa anasomea uhasibu, alisema Bwana S, basi aje Jumamosi na Jumapili, na siku zote za likizo, kuandika vitabu vya ghala: magunia yaliyoingia, yaliyopakiwa treni, madeni ya wachuuzi. Karani aliyekuwepo, ambaye alilipwa shilingi 100,000 kwa mwezi, aliondoka na nafasi yake haikujazwa. Mwajuma alipohitimu katikati ya mwaka 2013 akawa ghalani kila siku. Malipo hayakuwahi kutajwa, na mara mbili alipogusia jambo hilo alijibiwa kwa utani wenye makali, fadhila ya punda mateke.

Mwishoni mwa 2013 alipata nafasi ya ukarani Uvinza. Bwana S alicheka, akauliza Uvinza kuna nini zaidi ya chumvi, kisha kwa siku kadhaa akawa mpole kupita kawaida na kuanza kuzungumzia ndoa. Mwajuma aliikataa kazi ile. Hata angeikubali, cheti chake cha chuo hakikuwa mikononi mwake. Bwana S ndiye aliyekwenda kukichukua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akishughulikia malipo yote ya chuo, naye akakifungia katika kabati la ghala kwa maelezo kwamba chumba cha kupanga hakina usalama.

Agosti 2014 alipanda basi kwenda Kasulu bila kumwambia mtu. Alimkuta mke wa Bwana S akiwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni. Mwanamke yule alimkaribisha, akampa maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho. Baada ya wiki mbili alishuka Kigoma, akaingia ghalani na kutoka na bahasha yenye cheti, akampelekea mama yake Mwajuma sokoni bila kusema zaidi ya kwamba kitu cha mtoto kimerudi. Mwajuma hakukanyaga Kibirizi tena. Uhusiano uliisha hivyo, bila kikao na bila maelezo kwa yeyote, na mtaani ikabaki habari moja tu, kwamba yule binti aliyesomeshwa ameacha kumsaidia mfadhili wake.

Posa ya 2024

Mwaka 2024 Mwajuma alikuwa na miaka 32, hajaolewa, akijitegemea kwa kuwafanyia hesabu wafanyabiashara watatu wa dagaa. Mke wa Bwana S alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, Bwana S, akiwa na nafasi ya kutosha, alimtuma mshenga kwa baba mkubwa akiwa na barua ya posa na shilingi 100,000 ya kufungulia barua. Familia ilifurahi. Mama alisema Mungu amelipa subira.

Mwajuma alinijia mwishoni mwa Juni. Hakuja kulalamika. Swali lake lilikuwa moja, nalo alilisema kama mtu anayeomba hesabu ikaguliwe: kwa nini sitaki kuolewa na mtu ambaye sina sababu ya kumkataa?

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu, na ulikuwa mbaya. Baada ya kumsikiliza kwa saa nzima nilimwambia kwamba mtu huyo alimdhulumu. Alinishukuru kwa adabu, akasimama, na sikumwona kwa wiki tatu. Baadaye alinieleza: "Dada, ulimsema mtu niliyempenda kana kwamba mimi sikuwepo." Nilikuwa na jina la jambo lake kabla yeye hajawa na jambo lenyewe, na kulikubali jina langu kungemlazimu kukubali pia kwamba aliyeiishi miaka yake ile mitatu ni mtu mwingine.

Aliporudi sikumpa maelezo. Nilimwuliza Bwana S alimpa nini hasa, kwa shilingi. Nililiuliza hilo kwa sababu kila aliponieleza kwa nini hana haki ya kukataa alitumia maneno ya deni, na kwa sababu hesabu ndiyo kazi yake. Nilidhani penye hesabu angejiamini kuliko penye maneno yangu. Alinunua daftari la kaunta na kulichora safu mbili.

Upande wa Bwana S aliandika ada ya miaka miwili, shilingi 1,600,000; kodi ya chumba, 20,000 kwa miezi 36, yaani 720,000; simu, 150,000; matibabu ya mama, 200,000. Jumla ni 2,670,000. Upande wake aliandika kazi ya mwisho wa wiki na likizo kwa miezi 22, aliyoikadiria kwa nusu ya mshahara wa karani aliyemtangulia, 1,100,000. Na kazi ya kila siku kwa miezi 14, 1,400,000. Jumla ni 2,500,000. Alipofika hapo alikumbuka kwamba simu ile ilichukuliwa siku ya ugomvi mmoja na haikurudi, akaifuta. Tofauti iliyobaki ilikuwa shilingi 20,000, kodi ya mwezi mmoja. Alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Nilikuwepo na bado sijui kipi kilitangulia.

Kisheria tulipitia mambo matatu. La kwanza ni kama angeweza kudai chochote. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi katika hali iliyowafanya waonekane mke na mume. Hawa hawakuishi pamoja, na watu waliwajua kama mfadhili na mfadhiliwa. Madai ya mshahara yalikuwa yamepitwa na wakati kwa miaka mingi. La pili ni nguvu ya jibu la wazee: kifungu cha 16 kinataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana, kwa hiyo furaha ya baba mkubwa haikuwa imemfunga. La tatu lilijitokeza mwezi Agosti, na nitalieleza mahali pake.

Mwajuma aliamua kukataa posa na kutoa sababu kwa baba mkubwa peke yake. Nilipendekeza mama awepo. Alikataa, nami nikaliacha suala hilo.

Matokeo

Alikwenda na daftari. Baba mkubwa, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alilisoma ukurasa kwa ukurasa bila kusema neno, akalifunga, kisha akauliza swali moja: "Cheti chako alikiweka kwa nini?" Jibu lilipotolewa alimwita mshenga jioni ile ile na kurudisha barua pamoja na fedha yake.

Bwana S hakupokea vizuri. Kwa siku tisa alituma ujumbe wa simu mfululizo, kwanza wa kubembeleza, kisha wa kudai: kama hutaki ndoa nirudishie ada yangu. Hapa ndipo lilipoingia jambo la tatu la kisheria. Kifungu cha 71 kinaruhusu mtu kudai zawadi aliyoitoa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa, ikiwa mahakama itaridhika kwamba aliikusudia zawadi hiyo iwe na sharti la ndoa. Lakini Bwana S alikuwa ametangaza mbele ya wazee, mwaka 2011, kwamba analipa ada kwa ajili ya rafiki yake marehemu. Maneno yaliyompa sifa kwa miaka kumi na tatu yalikuwa ndiyo yanayomnyima dai. Tulihifadhi ujumbe wote, nikamweleza kwamba vitisho vikianza anaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Haikufika huko, baba mkubwa alipiga simu, na ujumbe ukakoma.

Mama alinuna kwa muda mrefu. Hadi ninapoandika anamsalimu binti yake lakini hakai naye kuzungumza.

Uchambuzi

Wanafunzi wangu wanapokisoma kisa hiki huanza na umri, na huwa nawazuia. Mwajuma alikuwa mtu mzima kisheria, na ndoa zenye tofauti ya miaka kumi na tisa si jambo geni Ujiji. Nyingine nimezishuhudia zikiwa na amani kuliko yangu. Umri hapa ni wa maana kwa sababu ulimpa Bwana S vitu ambavyo Mwajuma hakuwa navyo, yaani fedha, sifa mtaani na masikio ya wazee, na kwa sababu alivitumia kufunga kila njia ambayo binti angeweza kutokea. Ndoa ya pili ilikuwa inaruhusiwa kwake kidini na kisheria. Hakuifunga alipokuwa akimwahidi, kwa kuwa ndoa ingempa Mwajuma jina na haki mbele za watu, ilhali fadhila ilimpa deni tu.

Salamu inafundisha zaidi kuliko ada. Katika Kiswahili shikamoo huonyesha nani mkubwa na nani mdogo, na kila anayeisikia anajua uhusiano ni upi. Bwana S aliidai hadharani na kuikataza faraghani, na hivyo Mwajuma akawa hana namna hata moja ya kumtamka mtu wake mbele ya mashahidi. Mtu wa namna hiyo hana wa kumlalamikia, kwa kuwa kwa watu wote jambo lenyewe halipo. Mshauri anayehoji kisa cha aina hii aulize mapema: mlikuwa mkisalimianaje mbele za watu? Nimelitumia swali hili katika visa vingine, na mara nyingi linafungua mlango ambao swali la mapenzi huufunga.

Daftari lilifanya kazi kwa sababu liliigeuza fadhila, ambayo haina kipimo, kuwa kitu chenye jumla. Deni lisilo na kiasi halilipiki. Fadhila ya punda mateke ni usemi halali kabisa, na nisingependa mtu asome hapa kwamba shukrani ni mtego. Familia ya Mwajuma ilikuwa na haki ya kushukuru mwaka 2011. Tatizo ni kwamba usemi huo uliletwa kila mshahara ulipotajwa, kwa hiyo ukawa ndio njia ya kuzuia hesabu isifanyike.

Hata hivyo daftari lilikuwa na kasoro ambayo sikuiona wakati ule. Tofauti ikatoka shilingi 20,000, nasi tukapumua. Lakini je, kama ingetoka milioni moja? Au kama Mwajuma asingefanya kazi ghalani hata siku moja? Kwa kuzilinganisha safu mbili nilikuwa nimekubali, bila kujua, hoja ya Bwana S kwamba aliyelipa zaidi ana neno la mwisho. Wiki mbili baada ya kikao cha wazee Mwajuma alitaka kumtumia Bwana S zile 20,000 kwa simu ili, kwa maneno yake, kitabu kifungwe. Tulilijadili kwa vikao viwili. Mwishowe hakutuma, lakini alikiri kwamba kwa kipindi fulani alijikuta akihesabu kila mtu aliyemfanyia wema, pamoja na mimi. Leo ningelitumia daftari tena, ila ningeanza kwa kumwuliza jibu lake lingekuwaje ikiwa upande wa Bwana S ungekuwa mzito zaidi, na nisingemruhusu ajumlishe kabla ya kujibu.

Baba mkubwa alikiona nilichokosa mimi. Cheti hakimo katika safu yoyote, kwa kuwa hakina bei, na mzee aliyesoma kurasa zote zile alikwenda moja kwa moja kwenye kitu ambacho hakikujumlishwa. Mtu anayekusomesha halafu akafungia ushahidi kwamba umesoma hakukusudia uondoke. Mwajuma aliniambia kwamba kwa miaka kumi alilikumbuka tukio hilo kama ushahidi wa jinsi alivyotunzwa, na kwamba swali la mzee ndilo lililoligeuza, wala halikuhitaji zaidi ya sekunde chache. Hapo pia namkumbuka mke wa Kasulu, ambaye mwaka 2014 alikijua cheti kilivyo na thamani kuliko sisi sote. Sehemu ya uzito wa posa ile kwa Mwajuma ilikuwa kukaa katika nafasi ya mwanamke huyo, na hili hakulisema mpaka kikao cha sita, kwa kuwa nilikuwa nikiuliza habari za mwanamume tu.

Kuhusu mapenzi yenyewe tuliacha swali wazi kwa makusudi. Mwajuma anakumbuka usiku wa giza wakikaa Kibirizi wakitazama taa za mitumbwi zikiwa zimejipanga ziwani kama mji mwingine, na anasema alikuwa na furaha ya kweli. Sikuona sababu ya kumpokonya. Mtu anaweza kuutathmini upya uhusiano wake wa ujanani, akaona alivyochezewa, na bado asiikane furaha aliyokuwa nayo. Kumtaka aikane ndilo kosa nililofanya siku ya kwanza.

Lililoshindikana zaidi ni kwa mama. Zile 200,000 za matibabu zilikuwa zake, na chumba, ada na vitenge vyote vilimpunguzia mzigo ambao angeubeba peke yake sokoni. Kumwambia kwamba Bwana S hakuwa mfadhili ni kumwambia pia kwamba aliupokea msaada huo bila kuuliza. Nilipaswa kulisukuma suala la kumwita tangu Julai, hata kwa kikao tofauti na cha binti yake. Mwajuma amesema atajaribu kumleta mwenyewe, na kwamba daftari hatakuja nalo.